Meza Kuu ya Watu Wote

Chuo Kikuu cha Nyanda Baridi, kilichopo Mbeya, kilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia mwaka huu wa masomo hakuna mwanafunzi hata mmoja atakayeachwa nyuma, na kwamba kwa sababu hiyo wahadhiri wake wanaondoka kwenda Iringa.

Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango. Wanafunzi walilisoma, wakatazamana, wakabaki nyuma.

Aliyeliandika ni Philbert, Afisa Itifaki wa chuo, kijana mwembamba mwenye suti moja na imani tele. Philbert aliamini kwa dhati kwamba matatizo mengi ya dunia yangekwisha kama kila mtu angejua mahali pake pa kukaa. Vita, kwa maoni yake, vilianza pale watu wawili walipoonyeshwa kiti kimoja.

Kwa nini Iringa? Profesa Joachim alilieleza hilo kwenye kikao cha maandalizi. Profesa Joachim alikuwa mkuu wa taaluma, na pia mwenyekiti wa karibu kamati zote za chuo, zikiwemo mbili ambazo hazijawahi kukutana.

"Mafunzo ya kuwajengea wahadhiri uwezo wa kufundisha kwa mbinu jumuishi," alisema, "hayawezi kufanyika mahali penye wanafunzi. Wataingia. Watauliza maswali. Watatuvurugia ujumuishi."

Kikao kilipiga meza kwa furaha. Philbert akaandika: hoja imepita.

Mafunzo yalikuwa ya siku moja, na yalipangiwa ukumbi wa harusi wa Mama Nusrat, pale Iringa mjini. Babu yake Mama Nusrat alipanda kutoka pwani akiwa na viungo vya pilau mgongoni, akasema atakaa wiki mbili. Mjukuu wake sasa alikuwa na ukumbi, sufuria zinazotosha kumwogesha ng'ombe, na ulimi usio na itifaki.

Washiriki walifika Iringa mchana wa siku iliyotangulia, wakaenda kukagua ukumbi. Hapo ndipo Dk. Damari, Mkurugenzi wa Ujumuishi, alipoona kasoro.

"Ndugu zangu," alisema akinyoosha kidole jukwaani, "tutafundishaje ujumuishi wakati meza kuu ina viti sita? Hao wengine si tunawatenga?"

Washiriki wakavitazama vile viti sita. Wote waliwahi kukaa huku chini kwenye viti vya plastiki, koo kavu, wakiwatazama wenzao kule juu wakifunguliwa maji ya chupa yaliyovishwa leso. Uchungu wa kutengwa waliujua.

"Basi meza kuu ipanuliwe," alisema Profesa Joachim.

"Mpaka wapi, Profesa?"

"Mpaka watu waishe."

Ikapitishwa bila kupingwa: kila mshiriki ni mgeni rasmi, na kila mgeni rasmi atakaa meza kuu. Wengine walifuta machozi. Dk. Othmani wa Hesabu, ambaye kwa miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kuvuka safu ya tatu, alimpigia mkewe simu palepale.

Philbert alimpelekea Mama Nusrat habari jikoni.

"Wageni rasmi wangapi, mwanangu?"

"Hamsini na watatu, Mama."

"Na waalikwa?"

"Hakuna. Tumewajumuisha wote."

Mama Nusrat aliacha kuchambua mchele. "Yaani harusi ya mabibi harusi watupu."

"Ni mkabala mpya, Mama."

"Haya. Vitambaa ninavyo, maua ya plastiki ninayo. Lakini nikwambie, nimeanza kupamba meza kuu nikiwa binti, sijaona ambayo haina wa kuitazama. Utapiga vigelegele mwenyewe?"

Philbert alicheka kwa adabu. Watu wa jikoni hawajui mkakati.

Asubuhi iliyofuata baridi ya Iringa ilikuwa imekaa sawasawa. Meza kuu ilivuka jukwaa lote, ikakunja kona, ikashuka ngazi kila upande kama nyoka aliyevaa shela. Mbele yake palikuwa na viti mia mbili vya plastiki, vitupu. Philbert alisimama mlangoni na utepe mwekundu. Saa mbili ikafika. Saa tatu ikafika. Hakuna mtu.

Kisha akasikia kikohozi nyuma ya msonobari.

Alizunguka, akamkuta Dk. Othmani amejikunyata ndani ya koti.

"Daktari! Karibu ndani, tuanze."

"Watu wameshakaa?"

"Bado, mkuu."

"Sasa wewe Philbert, unaijua itifaki kweli? Mgeni rasmi aingie kabla ya watu? Nikamsubiri nani, maua?"

Nyuma ya tangi la maji alikuwapo Dk. Damari na wenzake wawili, wamenyamaza kama wanawinda. Ndani ya basi la chuo mapazia yalikuwa yamefungwa; Philbert alipogonga, sauti ikajibu kutoka chini ya viti, "Hatujafika!" Naye Profesa Joachim alikuwa akizunguka mtaa kwa gari. Kila alipopita mbele ya ukumbi, dereva alipunguza mwendo, Profesa akachungulia, akaona viti vitupu, akasema, "Kanyaga."

Philbert alisimama katikati ya uwanja akitafakari. Hakuna aliyekuwa amekosea hata mmoja. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu.

Alikuwa bado anatafakari alipoingia getini binti mwenye mkoba begani, akiongozana na kijana mrefu mwenye sweta la kufumwa.

"Kaka Philbert, za asubuhi."

"Nzuri, dada Tumpe. Mbona huku? Wewe hukualikwa kwenye kutotengwa."

Tumpe alikuwa mhadhiri msaidizi. Mafunzo yalikuwa ya madaktari na maprofesa. Wasaidizi walibakizwa Mbeya kuwafundisha wale wasioachwa nyuma.

"Sikuja kwa mafunzo. Nimemleta Isaka. Anadisko, kaka."

Kudisko kila mtu chuoni anakujua: ni kufukuzwa masomo. Tumpe alieleza harakaharaka, mvuke ukimtoka mdomoni. Isaka alikuwa mwaka wa pili, mtoto wa wakulima wa Rungwe. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa darasa la tatu. Aliongea vizuri, ila kwa sauti kubwa maana hakujisikia, na maneno ya watu aliyasoma kwenye midomo yao. Muhula huu Profesa Joachim alibadilisha tarehe ya mtihani. Alilitangaza hilo akiwa anaandika ubaoni. Siku ya mtihani Isaka alikuwa maktaba, akijiandaa kwa mtihani huohuo. Akapata sifuri.

"Rufaa ameandika," alisema Tumpe. "Inatakiwa sahihi ya mwenyekiti wa Kamati ya Rufaa kabla ya saa kumi leo jioni. Saa kumi mfumo unajifunga, na ukijifunga umejifunga. Jana tumepanda basi, tumelala Nyololo kwa shangazi yangu, leo hii hatujanywa hata chai. Kamati iko wapi?"

Philbert alitazama uwanjani. "Wajumbe wawili wako nyuma ya tangi. Mmoja yuko kwenye ule msonobari. Mwenyekiti ndiye anayepita sasa hivi na gari."

Gari likapita.

"Lakini Profesa haonwi na mtu kabla hajafungua mafunzo," Philbert aliendelea kwa huruma. "Na hafungui mpaka watu wawe wameshakaa."

"Watu gani?"

Philbert alichungulia vile viti vitupu ndani ya ukumbi. Polepole akageuka kumtazama Isaka. Akasogea mbele yake, akamtazama usoni.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe ni mtu?"

Isaka alimsoma midomo, akamwomba arudie ili ahakikishe. Philbert akarudia.

"Ndiyo," alijibu Isaka kwa sauti iliyofika barabarani. "Angalau mpaka saa kumi."

Dakika chache baadaye Isaka alikuwa ameketi peke yake katikati ya viti mia mbili, mikono magotini, akitazama mbele. Tumpe alijibanza kwenye mlango wa jikoni, maana Philbert alihofia kwamba akikaa ukumbini anaweza kujumuishwa. Philbert akatoka nje, akavuta pumzi, akatangaza:

"Watu wameshakaa!"

Uwanja ukalipuka. Wageni rasmi walitoka kwenye miti, nyuma ya tangi, chini ya viti vya basi. Mlangoni wakakwama, kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie kwa adabu iliyochana makoti mawili. Isaka alisimama, kama inavyotakiwa. Walipokwisha kuketi, naye akaketi.

Profesa Joachim alishika kipaza sauti, akainamia karatasi yake, akaanza. "Waheshimiwa wageni rasmi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Ujumuishi ni dhana mtambuka, yenye nguzo saba..."

Mkono ukanyooshwa huko chini.

"Samahani, Profesa," alisema Isaka. "Sikuoni mdomo."

Profesa alimtafuta Philbert kwa macho. Macho yalisema: mtoe. Philbert alijongea, akamnong'oneza, "Mkuu, huyo ndiye mkutano. Mgeni rasmi anaweza kumpuuza mtu mmoja ndani ya mkutano. Hawezi kuupuuza mkutano mzima."

Hoja ilikuwa nzito. Profesa aliinua kichwa, akaanza upya, akimtazama Isaka.

"Kipaza sauti kinakuziba, Profesa."

Kipaza sauti kikawekwa chini.

"Na yale maua."

Maua yakaondolewa. Akapanda Dk. Damari na slaidi zake, akageukia ukutani kuzisoma; mkono ukanyooshwa, akageuka. Dk. Othmani alikuwa na tabia ya kuongea kama anayetafuna karanga. Mkono ukanyooshwa mara nne, mpaka karanga zikaisha. Wale waliokaa mwisho wa meza, kule chini ya ngazi, midomo yao ilikuwa mbali mno kusomeka, na kwa kuwa hakuna mgeni rasmi aliyekubali kuondoka meza kuu, ilibidi meza kuu yenyewe isogezwe. Madaktari hamsini na watatu waliiinua, vitambaa vikiburuzwa, "Haya, polepole, kona hiyo, shusha," wakasogea hatua mbili. Isaka akatikisa kichwa. Wakasogea tena. Kufikia saa saba meza kuu ilikuwa imemzunguka Isaka pande zote kama ng'ombe wanaotaka kuonja sweta lake.

Philbert alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao, na hapo aliona jambo ambalo hakulipangia muda kwenye ratiba. Dk. Othmani alikuwa anaeleza nguzo ya sita, akasimama katikati ya sentensi, akamtazama Isaka usoni, akauliza, "Hapo umenielewa, au nikuelezee kwa njia nyingine?" Na wageni rasmi wote wakamwinamia Isaka kuona kama ameelewa. Philbert hakujua aliandike wapi. Aliliweka kwenye Mengineyo.

Pilau likaanza kunukia.

Chakula, kwa itifaki, huliwa baada ya kufunga. Kufunga huja baada ya maazimio. Saa nane Profesa Joachim alisimama, tumbo likinguruma kwa lugha isiyo rasmi, akasoma azimio: kwamba mafunzo yamefana, na kwamba sasa wahadhiri wote ni jumuishi.

"Wajumbe mnaafiki?"

Hakuna mkono uliopanda. Meza kuu haipigi kura. Meza kuu huuliza tu. Macho yote yakamwelekea Isaka. Isaka akafikiri.

"Hapana," alisema.

Philbert akaandika: wajumbe wote wamekataa.

"Philbert!" alinong'ona Profesa. "Tafuta mkutano mwingine. Waite madereva."

Philbert alitoka, akarudi. "Madereva wanasema asubuhi waliambiwa ukumbi huu ni wa waliojumuishwa tu. Wanaheshimu."

"Basi mmoja wetu ashuke akakae kwenye plastiki, aseme ndiyo. Dk. Othmani!"

"Nishuke, Prof? Mimi?" Dk. Othmani alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mke wangu ameshawaambia majirani."

"Dk. Damari, basi."

"Mimi ni Mkurugenzi, Profesa. Nikishuka mimi, ujumuishi umeshuka."

Profesa akazunguka meza yote kwa macho. Kila aliyetazamwa alikumbuka kuchunguza leso ya chupa yake.

"Kijana," Profesa alisema mwishowe, akimgeukia Isaka na kutamka vizuri, "mkutano unataka nini?"

Isaka alisimama. Sweta lilikuwa limempanda, akalivuta chini. "Profesa, tarehe ya mtihani uliibadilisha ukiwa umetupa mgongo. Mimi nilichoona ni kisogo chako. Ni kisogo kizuri, ila hakisemi. Nilisoma kwa ule mtihani, Profesa. Mama yangu ameuza ndizi nisome. Naomba nipewe nifanye. Nikifeli, nifeli kwa swali."

Kule jikoni Tumpe alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kushika mwiko kwa mikono miwili.

"Hilo ni suala la Kamati ya Rufaa," alisema Profesa.

"Kamati yote iko hapa, Profesa," akasema Dk. Damari, ambaye pilau lilikuwa limeanza kumlegeza.

"Kamati haiwezi kukaa bila hoja kutoka mkutanoni."

"Mimi natoa hoja," alisema Isaka.

"Hoja huungwa mkono!"

"Naunga mkono," alisema Isaka.

Profesa akamgeukia Philbert. Hapa ndipo itifaki ingeweza kupindishwa. Philbert alijua, maana aliandika mwongozo wake mwenyewe, na mwongozo una mahali pa kupindia. Alimtazama mkuu wake. Akamtazama yule aliyeambiwa asiachwe nyuma, aliyelala Nyololo na asubuhi hakunywa chai. Akakaza tai.

"Wanaoafiki?" aliuliza Philbert.

Mkono mmoja ukapanda.

"Wajumbe wote wameafiki. Itifaki ni itifaki, mkuu. Sahihi hapa."

Kalamu ilitafutwa, ikapatikana. Profesa alisaini. Tumpe alitoka jikoni mbio na simu, akaipiga picha ile karatasi, akaituma kwenye mfumo. "Imepokelewa!" alipiga kelele, kisha akakumbuka, akamgeukia Isaka na kumwambia kwa mikono. Tangu muhula wa kwanza alikuwa anajifunza lugha ya alama kutoka kwake, kidogokidogo, kila Ijumaa.

"Ndaga," alisema Isaka, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa ndogo. Ndiyo asante ya kwao Rungwe.

Lililobaki lilikuwa neno la shukrani, ambalo hutolewa na mjumbe mmoja kwa niaba ya mkutano mzima.

"Nitalitoa kwa lugha yangu," alisema Isaka. "Nguzo ya tatu ya Profesa inasema kila mtu ajieleze kwa lugha iliyo karibu na moyo wake."

"Kabisa!" walisema wageni rasmi, kwa kuwa nguzo ya tatu waliipenda.

Isaka akatazama mlango wa jikoni. Tumpe alikuwa pale, na nyuma yake Mama Nusrat akimsukuma bega, akisema jambo kwa ukali. Tumpe akalipeleka kwa mikono. Isaka akaitikia, akaigeukia meza kuu, akainua mikono yake mirefu, akaanza. Alikusanya vidole, akavipeleka mdomoni, mara mbili, mara tatu. Akaonyesha jikoni. Akavipeleka mdomoni tena.

Wageni rasmi waliguswa.

"Anatubusu," alinong'ona Dk. Damari. "Maskini, anatubusu wote."

Profesa Joachim naye akambusu kwa vidole. Isaka akatikisa kichwa kwa upole, akarudia polepole zaidi, akiwaangalia usoni mmojammoja kuona kama wameelewa. Akabadilisha njia: akajipapasa tumbo, akaonyesha mlango, akaigiza mtu anayekimbia. Wakapiga makofi. Akarudia tena. Mwalimu mzuri hurudia. Dk. Othmani alilia. Saa ya ukutani ilitembea, na hakuna aliyethubutu kuikatiza shukrani nzuri namna ile.

Hatimaye Isaka alichoka, akainamisha kichwa, akatoka. Wageni rasmi wakasimama kumshangilia, kisha wakapanga mstari kuelekea uwanja wa nyuma.

Huko waliwakuta madereva wamelegeza mikanda. Waliwakuta akina mama wa kwaya ya Kilutheri, waliokuwa na mazoezi jengo la pili, wakifuta midomo kwa leso. Waliwakuta waendesha bodaboda wa kituo kizima. Tumpe na Isaka walikuwa wanagawana paja la kuku. Sufuria zote zilikuwa zimelala kifudifudi.

"Chakula kiko wapi?" aliuliza Profesa.

"Kimeliwa," alisema Mama Nusrat. "Mimi pilau langu halisubiri hotuba, likipoa, aibu yangu. Nilisema watangaziwe. Hawakutangaziwa?"

"Nilitangaza," alisema Isaka. "Tena nikiwa nimewaangalia."

Profesa Joachim alikusanya vidole vyake polepole, akavipeleka mdomoni, akavitazama. "Hii..."

"Chakula," alisema Isaka. "Hata mtoto mchanga anaijua, Profesa."

"Lakini sisi hatukuelewa! Si kosa letu! Tangazo lilitolewa kwa namna ambayo..." Profesa akasita. Sentensi ilikuwa imefika mahali asipopapenda. "Sasa tufanyeje?"

"Mnaweza kukata rufaa," alisema Isaka.

Profesa akamgeukia Philbert, na Philbert akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

"Mfumo umejifunga, mkuu," alisema kwa masikitiko ya kikazi.

Mama Nusrat aliwatazama madaktari wale hamsini na watatu wakitetemeka kwenye baridi, akaguna. "Ukoko upo," alisema. "Wa sufuria mbili."

Wale ambao asubuhi hakuna hata mmoja wao aliyetaka kutangulia, sasa walirukia mlango wa jikoni wote kwa pamoja, na koti la tatu likachanika. Lakini Philbert alikuwa ameshafika. Alisimama kizingitini, tai imekaa sawa, mikono imetanda. Nyuma ya kundi aliwaona Isaka, Tumpe, na bibi mmoja wa kwaya aliyechelewa, akawaita kwa mkono wapite mbele.

"Taratibu, waheshimiwa," alisema. "Waanze watu. Wageni rasmi huingia mwisho."